Umeme na Matete katika Kusafisha Maji ya Viwanda vya Nguo

Mnunuzi wa khanga huchagua ile isiyochujuka. Sifa hiyohiyo ndiyo inayowasumbua wahandisi wa maji: rangi iliyotengenezwa ili istahimili jua, jasho na sabuni hustahimili pia bakteria wa mabwawa ya majitaka. Vitambaa vya pamba vitiwapo rangi, sehemu ya rangi hiyo haishiki uzi. Huoshwa ikaenda mtaroni pamoja na chumvi nyingi. Ikiingia mtoni huzuia mwanga kuifikia mimea ya majini, na mkulima wa mchicha aliye upande wa chini huyateka maji hayohayo kumwagilia bustani yake.

Njia mojawapo ya kuyasafisha ni umeme. Mabamba mawili ya alumini hutumbukizwa majini na kuunganishwa na mkondo mnyofu, kama ule wa betri. Chumvi, ambayo kwingineko ni kero, hapa husaidia kupitisha umeme. Kwenye anodi alumini huyeyuka ikawa ioni. Kwenye kathodi hutoka viputo vya hidrojeni. Ioni hizo hufanya hidroksidi, ute mweupe unaonasa molekuli za rangi. Mabonge mengine huzama, mengine huinuliwa na viputo yakaelea. Kwa kanuni za Faraday mwanafunzi aweza kukokotoa kwamba mkondo wa ampea 1 kwa saa 1 huyeyusha takriban gramu 0.34 za alumini.

Lakini rangi haikuangamizwa; imehamia kwenye tope. Tope hilo likitupwa ovyo, mvua huirudisha mtoni.

Maji yaliyobaki hupitishwa polepole katika bwawa la kokoto lililopandwa matete. Kazi kubwa haifanywi na matete yenyewe, kama wengi wadhanivyo, bali na bakteria waliojishikiza kwenye mizizi na kokoto. Rangi nyingi ni za jamii ya azo, zenye kiungo cha atomi mbili za nitrojeni. Pasipo oksijeni bakteria hukikata kiungo hicho, na rangi hutoweka machoni. Ila hubaki amini za aromatiki, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Maji meupe, basi, yaweza kuwa bado na sumu. Kuzivunja amini hizo kwahitaji oksijeni, kwa hiyo bwawa hufaa kuwa na sehemu mbili: ya kwanza iliyojaa maji daima, ya pili inayojazwa na kukaushwa kwa zamu ili hewa ipenye.

Chumvi haiondolewi kwa umeme huo wala kwa matete. Nayo ikizidi, matete hunyauka. Ndiyo maana maji ya chombo cha kutilia rangi, yenye chumvi kupita mengine yote, yafaa kutengwa tangu kiwandani.