Manju Naye Ana Haki

Mavuno yakiisha, Bariadi na Itilima mkoani Simiyu hurindima kwa ngoma. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vilivyo wapinzani tangu enzi za mababu, hugombea umati, na manju (mtunzi na kiongozi wa nyimbo) wa kila upande huja na nyimbo mpya. Siku hizi kamera nazo zipo uwanjani. Video hupakiwa mtandaoni ikaingiza fedha, na mara nyingi manju hakuulizwa chochote. Hapo ndipo anapohitajika mwanasheria wa sanaa na burudani.

Ujuzi wake wa kwanza ni kutenganisha haki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wimbo ni mali ya manju tangu anapoutunga, hata kabla ya kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Wachezaji na wapiga ngoma wana hakishiriki: kuwarekodi kwa biashara kunahitaji ridhaa yao. Ngoma ya jadi yenyewe ni urithi wa jamii, na anayetaka kuifanyia biashara nje ya mazingira yake ya kimila hupitia Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Ujuzi wa pili ni kusoma mkataba. Chukua kifungu hiki: “Msanii anahamisha haki zote, duniani kote, bila ukomo.” Akisaini, ameuza shamba pamoja na mavuno yote yajayo. Mwanasheria mzuri atauliza: haki ipi, kwa miaka mingapi, katika nchi zipi? Akiahidiwa asilimia 30, je, ni ya pato lote, au ya kinachobaki baada ya gharama? Nani atakagua hesabu?

Maswali hayo yana uzito. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila idhini. Tigo ilikata rufaa, lakini nchi nzima ilishaona kwamba wimbo ni mali ya kupigania mahakamani.

Njia ya kuwa wakili ni shahada ya sheria, inayotolewa hata SAUT Mwanza, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, halafu kukubaliwa na Jaji Mkuu. Asiyefika huko anaweza kuwa msaidizi wa kisheria chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017.

Kijana wa Simiyu ana mtaji ambao wakili wa mjini hana: anakijua Kisukuma, hivyo anatambua beti zipi ni za kale na zipi ametunga manju wa leo. Mwanafunzi wa sheria anayerudi nyumbani likizo aanze na hilo. Akae na manju, waandike jina la kila wimbo, mtunzi, tarehe na mashahidi. Siku ya kudai haki, karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi.