Istilahi za Viungo vya Faili katika Mitandao ya Ofisi

Katika miongozo ya seva za mashirika, neno "kiungo" hutumiwa kwa dhana tatu zilizo mbalimbali. Kuzichanganya si kosa la lugha tu. Mtumishi afuataye mwongozo uliofasiriwa ovyo aweza kufuta faili za ofisi nzima huku akidhani anasafisha.

Mfumo wa faili za mtandaoni tunaouzungumzia ulibuniwa mwaka 1984 na Sun Microsystems, kampuni ya Marekani. Shabaha yake ni kuziwezesha kompyuta nyingi kutumia faili zilizomo katika seva moja kana kwamba zimo ndani ya kila kompyuta. Dhana zenyewe ni hizi:

(a) Kupachika. Ni kuiunga saraka ya seva na saraka ya kompyuta itumiayo. Tumechagua kitenzi hiki kwa kuwa mpini ukishapachikwa kwenye jembe, viwili hivyo hutumika kama kitu kimoja, lakini vyaweza kutenganishwa. Kinyume chake ni kupachua.

(b) Jina pacha. Faili moja yaweza kuwa na majina mawili au zaidi, yote ya daraja moja. Kuondoa jina moja hakufuti faili. Yaliyomo hupotea pale tu jina la mwisho linapoondolewa na hakuna programu inayoyatumia.

(c) Kiungo elekezi. Hiki hakina ndani yake ila njia ya kuifikia faili nyingine. Ni mfano wa kibao cha njia panda: kijiji chaweza kuhama, kibao kikasalia. Kisichofika popote tunakiita kiungo mfu.

Hapa pana jambo ambalo wafasiri wengi hulipita. Katika mfumo huu, njia iliyoandikwa katika kiungo elekezi hufuatwa na kompyuta itumiayo, wala si na seva. Kwa hiyo kiungo kinachoelekeza kwenye /data/mishahara chaweza kuwa hai katika seva na kuwa mfu katika kompyuta ya mhasibu, ambayo haina saraka ya /data. Aidha, seva ikizimika, viungo vinavyoitegemea vyaweza kuonekana kana kwamba vimekufa.

Kuna pia kitambulisho kilichochakaa. Hutokea seva inapokuwa imekwisha kuifuta faili, ilhali kompyuta itumiayo ingali inashika kitambulisho chake cha zamani. Hicho si kiungo mfu. Aghalabu dawa yake ni kupachua na kupachika upya.

Kutokana na hayo, mwongozo wa usafishaji hauna budi kufuata taratibu hii: kuhakikisha seva inaitika, kuorodhesha viungo vinavyoshukiwa, kuvichunguza pande zote mbili, kisha kuondoa vile tu vilivyothibitika kuwa vimekufa. Saraka iliyopachikwa ipachuliwe kabla ya kufutwa. Kuifuta pamoja na yaliyomo ingali imepachikwa ni kufuta faili za seva yenyewe, iwapo mtumishi ana idhini ya kuandika humo.

Tunapendekeza pia kitenzi "ondoa" kitumike kwa majina na viungo, na "futa" kibaki kwa faili na saraka. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kutuletea maoni. Istilahi hupata nguvu kwa kutumiwa.