Propela ya Boti Haichaguliwi kwa Macho

Huenda utashangaa kuona habari za boti katika gazeti letu la watu wa milimani. Tumezoea kuandika juu ya chai, ng'ombe wa maziwa, choo bora na vikundi vya kuweka na kukopa. Lakini Fort Ternan na ziwa ni majirani wa siku nyingi. Reli kutoka Nakuru inateremka kupitia Londiani, inapita hapa kwetu, halafu Koru na Muhoroni mpaka Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901. Meli ya Winifred, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1902, ilitengenezwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuungwa tena huko ufuoni. Na leo akina mama wetu wanateremka njia hiyo hiyo kutafuta mbuta na omena wa kuuza sokoni. Kwa hiyo mambo ya boti yanatuhusu pia.

Yametuhusu zaidi mwaka huu. Kikundi kimoja cha akina mama wauza samaki, ambacho tunakitembelea kila mwezi, kiliungana na jamaa wa ufuoni wakanunua boti ya mbao ya mita 7. Injini yake ni ya nguvu za farasi 15, ile aina inayofungwa nyuma ya boti kwa nje. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Halafu propela iligonga jiwe ikavunjika, wakauziwa nyingine ya mitumba. Muuzaji aliwaambia, "Hii ni ya kasi, mtapita wote." Kumbe tangu siku ile injini ilianza kunguruma kama matatu iliyojaa ikipanda mlima kwa gia kubwa. Boti ikawa nzito, petroli ikaisha haraka. Mweka hazina alituuliza, "Hivi sisi tunauza samaki au tunanunua petroli?"

Kijana wa mama mmoja akaleta dawa yake. Alikuwa ameona picha za boti za ng'ambo zinazoruka juu ya maji na kurusha mkia wa maji nyuma. Aliziita "safesi draivu", yaani mitambo ya propela za uso wa maji. Alitaka boti ibadilishwe iwe hivyo, na kikundi kichukue mkopo. Karatasi za mkopo zilikuwa tayari mezani, zimebaki sahihi tu. Dhamana ilikuwa akiba za wanachama, na ndani yake mna karo za watoto. Hapo tukaomba jambo moja: kabla ya sahihi, twende pamoja Kisumu tukamwone fundi wa injini za boti. Haya tunayoandika ni yale tuliyojifunza kwake na kuyapiga hesabu wenyewe.

PROPELA NI NINI HASA?

Wengine huiita rafadha, wengine pangaboi. Ni yale mapanga mawili au zaidi yanayozunguka majini na kusukuma boti. Mtu hawezi kuichagua kwa kutazama inavyong'aa. Inachaguliwa kwa namba mbili ambazo kwa kawaida zimeandikwa juu yake, kwa mfano 9¼ x 10. Zote ni inchi.

Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara ambalo mapanga yanachora yakizunguka. Propela pana inashika maji mengi na inafaa kusukuma mzigo.

Namba ya pili ni hatua. Fikiria skrubu inayoingia kwenye mbao. Ukiizungusha mara moja, inasonga mbele kiasi fulani. Propela ya hatua ya inchi 10 ingesonga inchi 10 kwa kila mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa magumu kama mbao. Lakini maji yanateleza, kwa hiyo boti inasonga pungufu ya hapo. Pungufu hiyo mafundi wanaiita utelezi.

Hatua ni kama gia ya gari. Hatua ndogo ni gia ya kupandia mlima na mzigo. Hatua kubwa ni gia ya barabara tambarare. Trekta inayovuta miwa kule Muhoroni haiendeshwi kwa gia ya gari dogo la safari.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Tuseme injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia yake inapunguza kwa nusu. Propela basi inazunguka mara 2,500. Ikiwa na hatua ya inchi 12, kwa dakika moja ingesonga inchi 30,000, ambazo ni mita 762. Kwa saa moja ni karibu kilomita 46. Hiyo ndiyo kasi ambayo propela ile ya mitumba ilikuwa inaidai kwa boti ya akina mama.

Na boti yenyewe inaweza nini? Boti nzito inayolima maji haipiti mpaka fulani uliowekwa na urefu wake. Inajijengea wimbi mbele na shimo nyuma, na ikitaka kwenda zaidi ni lazima ipande wimbi lake yenyewe. Kwa boti ya mita 7 mpaka huo ni kama kilomita 12 kwa saa. Kuupita ni lazima boti iwe nyepesi, iwe na tako bapa na nguvu za kutosha, ndipo iinuke na kuteleza juu ya maji. Boti ya kikundi ina mbao nzito, barafu, masanduku ya samaki na watu 5. Farasi 15 hawawezi kuinua yote hayo.

Sasa mnaona kosa. Propela ya kilomita 46 ilikuwa imefungwa kwenye boti ya kilomita 12. Injini ilikuwa inasukuma ukuta. Injini inayolemewa hivyo inachoma petroli bure, inapata joto na kuchakaa kabla ya siku zake.

KIPIMO CHA KWELI

Kila injini ina kitabu kinachosema izunguke mara ngapi kwa dakika mafuta yakifunguliwa yote. Kwa mfano kitabu kinaweza kusema kati ya 4,500 na 5,500. Pakieni boti mzigo wa kazi wa kila siku, nendeni mahali palipo wazi na maji tulivu, fungueni mafuta yote kwa muda mfupi, na fundi apime mizunguko kwa kifaa chake.

Ikiwa chini ya kiwango, hatua ni kubwa mno, ipunguzwe. Ikiwa juu ya kiwango, hatua ni ndogo mno, iongezwe. Kwa makadirio ya mafundi, inchi moja ya hatua inabadilisha mizunguko kama 150 hadi 200. Boti ya akina mama ilipimwa ikatoa 4,200 tu. Fundi alitabasamu akasema, "Mama, injini yenu si mgonjwa. Imevaa kiatu cha mtu mwingine."

NA ZILE PROPELA ZA USO WA MAJI?

Hatukumcheka kijana. Alichokiona ni kitu cha kweli. Katika boti ya kawaida, propela, shafti na gia vyote viko chini ya maji, na vyuma hivyo vinaburuta. Katika mtambo wa uso wa maji, shafti inatokea nyuma kabisa ya boti karibu ikiwa bapa, na boti ikikimbia propela inakaa nusu majini, nusu hewani. Uburutaji unapungua sana. Mmarekani Howard Arneson alijulikana kwa mtambo wake wa aina hii, ambao unaweza kuinuliwa na kushushwa wakati boti inakwenda. Mitambo ya namna hii hutumika kwenye boti za mashindano, za doria na za kifahari.

Lakini anayegeuza boti yake kwenda mtindo huo hawezi kuhama na propela zake za zamani. Propela ya kawaida, yenye mapanga ya mviringo, ikitolewa nusu nje ya maji inakamata hewa na kuzunguka bure. Inatakiwa propela ya aina yake: ncha ya mbele ya panga kali kama kisu, ukingo wa nyuma mnene na uliopindwa kidogo. Mapanga mara nyingi ni 4, 5 au 6, kwa sababu kila panga linapiga maji na kutoka tena kwa kila mzunguko, na yakiwa machache boti inatetemeka. Kipenyo nacho kinakuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa ni nusu tu ya propela inayofanya kazi. Mara nyingi hata gia hubidi ibadilishwe ili propela hiyo kubwa izunguke taratibu zaidi.

Hatua yake inatafutwa kwa kuanza na kasi ambayo boti ina uwezo nayo. Mfano: boti ya kilomita 60 kwa saa inasonga mita 1,000 kwa dakika, ambazo ni inchi 39,370. Ikiwa injini ya dizeli inazunguka mara 2,400 na gia inagawanya kwa moja na nusu, propela inazunguka mara 1,600. Gawanya 39,370 kwa 1,600, unapata karibu inchi 25. Ukikadiria utelezi wa asilimia 15, unahitaji hatua ya kama inchi 29. Baada ya hesabu ni majaribio majini, na mara nyingi propela ya kwanza si ya mwisho.

Faida yote hiyo inakuja boti ikiwa na mbio za kama kilomita 60 na kuendelea. Kwa mwendo mdogo, maji hayajaachana na tako la boti, kwa hiyo propela inazama yote na kuzunguka kwa taabu. Kurudi nyuma nako ni dhaifu. Zaidi ya hapo, propela inatokeza nyuma ya boti, mahali pale pale ambapo wavuvi wanashusha na kuvuta nyavu. Tukiongeza magugu maji ya ghuba yetu, hatari inaonekana wazi.

Kule Thailand wavuvi wana ndugu maskini wa mtambo huu. Ni injini yenye shafti ndefu kama mkia, ambayo mwendeshaji anaweza kuinua propela akipita kwenye majani au maji mafupi. Wao walitafuta kitu cha kazi yao, nasi tutafute cha kazi yetu.

MAMBO MENGINE YA KUANGALIA

Propela za aluminiamu ni rahisi kununua na hukunjika zikigonga jiwe. Za chuma kisichoshika kutu ni imara na ghali, lakini pigo la jiwe linaweza kuhamia kwenye gia. Kwa boti inayotua ufuo wa mawe, aluminiamu si aibu, na propela moja ya akiba iwe ndani ya boti.

Injini isifungwe juu sana. Lile bati bapa lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo, la sivyo propela itavuta hewa.

Injini nyingi ndogo zina pini au raba inayokatika propela ikigonga, ili gia zipone. Msiweke msumari badala ya pini. Tumeona gia nzima ikiharibika kwa kuokoa pesa ya pini moja.

Mtu akiwa majini karibu na boti, injini izimwe kabisa. Isiachwe ikinguruma bila gia.

KABLA YA KUTOA PESA, ULIZENI

1. Boti yetu ina uzito gani ikiwa na mzigo wa kila siku, na inalima maji au inateleza juu yake?
2. Kitabu cha injini kinasema mizunguko mingapi, na leo inatoa mingapi?
3. Propela iliyopo ina kipenyo na hatua gani?
4. Muuzaji atakubali tuijaribu majini na kuirudisha isipofaa?
5. Ikivunjika, vipuri vinapatikana Kisumu au mpaka ng'ambo?

Kikundi kilirudi Fort Ternan kikakutana chini ya mti. Mwenyekiti alimwambia yule kijana, "Mwanangu, hatujakataa elimu yako. Tumekataa deni." Karatasi za mkopo hazikutiwa sahihi. Walinunua propela ya hatua ya inchi 9, na zile pesa kidogo zilizokuwa zimechangwa kwa ajili ya mtambo zikanunua majaketi ya kuokolea maisha, kwa maana boti ile haikuwa na hata moja. Ilipopimwa tena ilitoa mizunguko 4,800. Mtungi wa petroli wa lita 20 uliokuwa ukiisha kwa safari tatu sasa unafika safari nne.

Kijana mwenyewe ndiye aliyepewa daftari. Kila safari anaandika mzigo, lita na mizunguko, na mwisho wa mwezi anawasomea wanachama. Vikundi vingine vyenye boti, pampu au mashine yoyote ya mafuta, anzeni na daftari kama hilo. Ni bei ya kalamu na karatasi tu, na litawaonyesha tatizo liko wapi kabla hamjakwenda kukopa.