Mwaridi wa Marashi: Ujue Kabla ya Kuupanda

Katika arusi na maulidi ya pwani, wageni hunyunyiziwa marashi kwa mrashi. Watu wengi wanaijua harufu hiyo, lakini ni wachache waliouona mti unaoitoa. Mti huo ni mwaridi wa Dameski, ambao wataalamu huuita Rosa damascena. Mafuta yake ni ya bei kubwa sana, na mkulima akiisikia bei hiyo anaweza kushawishika kung'oa viazi vyake ili apande mawaridi. Kabla ya kufanya hivyo, yafaa aujue mti huu tabia zake.

Umbo lake

Mwaridi huu ni kichaka kinachofika urefu wa mita 1 na nusu hadi mita 2 au zaidi. Matawi yake yana miiba mingi, na majani yake ni ya kijani kilichofifia. Maua ni ya rangi ya waridi, na hutoka kwa vishada. Aina inayojulikana zaidi ni ile ya Bulgaria iitwayo Kazanlik, kwa jina la mji wa Kazanlak. Jina lake jingine, Trigintipetala, maana yake ni "petali thelathini".

Ingawa unaitwa wa Dameski, mti huu ni chotara. Mwaka 2000 wataalamu wa Japani walichunguza asili yake wakakuta kwamba umetokana na mawaridi ya namna 3, na moja kati ya hayo ni la Asia ya Kati, mahali penye baridi kali. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Maua ya msimu mmoja

Mawaridi ya kukata yanayokuzwa Naivasha huchanua mwaka mzima. Mwaridi wa Dameski sivyo. Huo hutoa maua mara moja tu kwa mwaka, kwa muda wa majuma machache, kisha basi. Tena kikonyo chake ni kifupi, na petali zake hudondoka upesi. Kwa hiyo mnunuzi wa maua ya kuweka chomboni hautaki. Sifa yake ni harufu, wala si kitu kingine.

Harufu yenyewe haingoji. Huko Bulgaria wachumaji huingia shambani alfajiri, umande ungalipo, kwa sababu jua likipanda mafuta hupungua katika ua.

Hesabu ya mafuta

Ili kupata kilo 1 ya mafuta, huhitajiwa kilo 3,000 hadi 4,000 za maua. Ua moja lina uzito wa gramu 2 au 3 hivi. Basi kilo 1 ya mafuta ni maua milioni moja au zaidi, na kila ua limechumwa kwa mkono. Hapo ndipo bei ile kubwa inapotoka. Asiye na mikono mingi ya kuchuma, wala mtambo wa kukamua karibu, hataipata.

Watu wa Jabal Akhdar

Huko Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, wakulima wadogo wanaupanda mwaridi huu katika matuta yaliyojengwa kwa mawe, yanayonyweshwa kwa mifereji iitwayo falaji. Vijiji hivyo viko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na maua huchumwa kati ya Machi na Mei. Wao hawatafuti mafuta, bali maji ya waridi. Kwa desturi yao ya zamani, petali hutiwa katika chungu ndani ya tanuri la udongo. Mvuke hupanda, hukutana na chombo cha maji baridi kilichowekwa juu, na kudondoka ukiwa marashi. Marashi hayo hutiwa hata katika halua. Wakulima hao hupanda pia makomamanga. Hawautegemei mwaridi peke yake.

Ukitaka kuupanda

Mti huu umezoea nchi zenye majira ya baridi, ambapo hupumzika kabla ya kuchanua. Kwetu karibu na ikweta majira hayo hayapo, hata katika nyanda za juu zenye usiku wa baridi kama Kinangop. Kwa hiyo usitegemee maua mengi kama ya Bulgaria. Anza na mti mmoja au miwili karibu na nyumba, uuangalie miaka 2 au 3.

Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Chimba shimo la nusu mita, uchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri. Acha mita 1 na nusu kati ya mti na mti.

Katika kupogoa, wengi hukosea. Maua ya mwaridi huu hutoka katika matawi yaliyokua msimu uliopita. Ukiyakata kabla ya kuchanua, umeyakata maua ya mwaka mzima. Pogoa mara maua yakiisha, ukiondoa matawi makuukuu na yaliyokufa.

Marashi ya nyumbani

Weka bakuli katikati ya sufuria, petali na maji kidogo pembeni mwake. Funika kwa kifuniko kilichogeuzwa juu chini, utie maji baridi juu yake, na uchemshe kwa moto mdogo. Matone yatakayoanguka ndani ya bakuli ni marashi. Usitumie kamwe petali zilizopigwa dawa ya wadudu.

Hiyo ndiyo faida ambayo mwenye mti mmoja anaweza kuitumainia: harufu nzuri mlangoni na chupa ya marashi kwa siku ya sherehe. Viazi na vibaki shambani.