Kasuku wa Rubondo

Wako wazazi waliotuuliza kwa nini tuliwapeleka vijana wa madrasa yetu kisiwani kutazama ndege, na hali masomo bado ni mengi. Swali lao ni la haki, na jawabu letu ni hili.

Rubondo ni kisiwa katika Ziwa Victoria, upande wa kusini-magharibi, mkoani Geita, nchini Tanzania. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 240, na sehemu kubwa ni msitu. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, kisha hifadhi ya taifa mwaka 1977. Simba na chui hawamo, kwa hiyo mgeni aweza kwenda msituni kwa miguu, akiongozwa na askari wa hifadhi.

Tulipanda mashua upande wa Muganza, tukasoma dua ya safari, tukavuka. Kabla hatujashuka tulimsikia furukombe akilia juu ya mti, kichwa chake cheupe kama kilemba. Mdiria walikuwa wakijitupa majini, na minandi wameanika mbawa zao juu ya mawe. Kijana mmoja, ambaye darasani hatulii hata robo saa, alisimama kimya akitazama mpaka tukalazimika kumrudia. Qurani Tukufu yatufundisha ya kwamba ndege nao ni umma kama sisi. Tumeyasomesha hayo miaka mingi. Siku ile tuliyaona kwa macho.

Msituni tulisimuliwa khabari ya sokwe. Kati ya miaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa Rubondo kutoka Ulaya, kwa juhudi za Mjerumani Bernhard Grzimek. Walikuwa wamewekwa vizimbani ili watu wawatazame. Walipofunguliwa hawakuwa na wa kuwaonyesha tunda la kula wala namna ya kutandika kiota; walijifunza wenyewe, wakazaana, na vizazi vyao hawajui kizimba. Tena mwaka 2000 wakaletwa kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu, zaidi ya 30, walionyang'anywa wafanyao magendo. Nao wakaachiwa huru.

Hapo yule kijana wetu akauliza kwa adabu: "Maalim, na yule kasuku wako wa barazani?"

Twakiri ya kwamba tulinyamaza. Kasuku huyo tulimnunua kwa msafiri, tukamlisha vizuri, tukafurahi kumsikia akitoa salaam. Hatukuuliza hata siku moja ametoka wapi.

Kufuga ndege si haramu, maadamu alishwe na asiteswe. Mtume wetu (S.A.W.) alimtania mtoto Abu Umair juu ya kindege chake, wala hakumkataza. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyewaamuru masahaba wamrudishie ndege makinda yake, alipomwona akihangaika kwa ajili yao. Basi ruhusa ya kufuga haihalalishi kupora kiotani.

Tuliporudi hatukumfungulia mlango. Ndege aliyezoea kulishwa, akiachwa peke yake mjini, hufa kwa njaa au kwa paka, na kumwua kwa jina la huruma si huruma. Tulikwenda kwa maofisa wa wanyamapori tukawaeleza yote, nasi twangoja maelekezo yao. Tuliona haya kusimama mbele yao. Lakini tungeona haya zaidi kusimama mbele ya mwanafunzi wetu.

Enyi wazazi, mtoto akiomba ndege, mwulizeni muuzaji alikompata, na asipokuwa na jawabu la wazi, msinunue. Mpelekeni mtoto ziwani, pwani au shambani, awatazame ndege walipo. Huko ndiko Mola wao alikowaweka, nasi tutaulizwa juu ya amana hiyo. Wabillahi tawfiq.