Mfupa wa Mtoto na Chakula cha Mimea

Mwalimu wa biolojia anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo la kustaajabisha kwa kutumia mfupa wa paja la kuku na chupa ya siki. Mfupa husafishwa nyama yote, hutumbukizwa katika siki, na kuachwa humo kwa muda wa wiki moja hivi, siki ikibadilishwa mara moja au mbili. Unapotolewa, umbo lake ni lile lile, lakini huweza kukunjwa kama kipande cha mpira. Asidi ya siki imeyeyusha madini ya kalsiamu. Kilichobaki ni protini iitwayo kolajeni. Kolajeni huupa mfupa unyumbufu, na madini huupa ugumu.

Kwa mtoto anayekua, mfupa laini huweza kupatikana pasipo siki. Hapo madini hayakuyeyushwa, bali hayakufika. Hali hiyo ndiyo ugonjwa wa matege. Suala hili lawahusu hasa watoto wanaolishwa vyakula vya mimea pekee, iwe ni kwa imani ya wazazi, kwa hiari yao, au kwa sababu maziwa na samaki havipatikani nyumbani. Mfupa hautambui tofauti ya sababu hizo. Unachotambua ni kiasi cha madini kilichoufikia.

Jinsi mfupa unavyorefuka

Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mtoto kuna tabaka la gegedu liitwalo bamba la ukuaji. Chembe za gegedu hugawanyika na kujipanga safu kwa safu, kisha kalsiamu na fosfati huingia kati yake na kuigeuza gegedu kuwa mfupa. Iwapo madini hayatoshi, gegedu huendelea kuongezeka lakini haigeuki. Ncha za mifupa hutanuka: vifundo vya mikono huvimba, na vinundu hujitokeza mbavuni mfano wa shanga. Mtoto anapoanza kutembea, uzito wake huipinda miguu iliyo laini.

Asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki ina kazi kubwa katika misuli, neva na moyo, wala mwili hauruhusu kiasi chake katika damu kipungue. Chakula kikikosa kalsiamu, tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathairoidi hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani. Homoni hiyo hiyo huzifanya figo zitoe fosfati nyingi katika mkojo, na ujenzi wa mfupa hukwama zaidi. Basi kipimo cha kalsiamu katika damu huweza kuonekana kizuri hali mfupa unafilisika.

Ufunguo wa utumbo

Kalsiamu iliyomo katika chakula haipiti utumboni kwa wingi bila ya vitamini D. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo inapopigwa na mionzi ya jua. Kisha ini na figo huigeuza kuwa homoni inayofanya kazi. Katika vyakula hupatikana kwa uchache: samaki wenye mafuta, kiini cha yai na ini. Mimea ya kawaida ya chakula haina vitamini D ya kutegemewa.

Mnamo mwaka 1919 Edward Mellanby wa Uingereza alieleza majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa mbwa. Waliolishwa nafaka bila ya mafuta yafaayo walipata matege, na mafuta ya ini la samaki aina ya kodi yaliwakinga. Aliona pia kwamba nafaka ya oti ilizidisha ugonjwa. Baadaye ilifahamika kuwa nafaka na kunde zina asidi ya fitiki, ambayo huishika kalsiamu na kuizuia isifyonzwe.

Ushahidi wa nchi tatu

Katika Uholanzi palikuwa na familia zilizofuata mlo uitwao makrobiotiki: nafaka zisizokobolewa, mboga na kunde, bila ya maziwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1990 uliwahusu watoto 53 wenye umri wa miezi 10 hadi 20. Dalili za matege zilionekana kwa asilimia 28 yao kati ya Agosti na Novemba, na kwa asilimia 55 kati ya Machi na Aprili, baada ya kipupwe chenye jua hafifu. Watoto hao walikosa kalsiamu, na jua nalo lilipowapungukia ugonjwa ulienea. Uchunguzi wa baadaye uliwakuta vijana waliolelewa kwa mlo huo wakiwa na madini machache mifupani kuliko wenzao, ingawa wengi walikuwa wamekwisha kuacha masharti hayo kwa miaka kadhaa.

Mtu angeweza kudhani kwamba katika nchi za jua kali hatari hiyo haipo. Nigeria yatoa jibu. Katika mji wa Jos walichunguzwa watoto 123 wenye matege, na matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Jua lilikuwa tele, lakini chakula chao kiliwapa kalsiamu ya kadiri ya miligramu 200 tu kwa siku. Baada ya wiki 24 za matibabu, waliopona au kukaribia kupona walikuwa asilimia 61 kwa waliopewa kalsiamu, asilimia 58 kwa waliopewa kalsiamu pamoja na vitamini D, na asilimia 19 kwa waliopewa vitamini D peke yake. Ufunguo haufai kitu kama ghala ni tupu.

Ushahidi wa tatu watoka Poland, mwaka 2021, kwa watoto 187 wa miaka 5 hadi 10. Wale wasiokula kitu chochote cha mnyama, hata maziwa na mayai, walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 3 hivi kuliko wanaokula nyama, na mifupa yao ilikuwa na madini machache. Hata hivyo damu yao ilikuwa na lehemu mbaya kidogo zaidi, jambo lenye manufaa kwa moyo. Kwa hiyo mlo wa mimea si sumu. Una mapengo yanayojulikana, na pengo linalojulikana huzibika.

Hesabu ya sahani

Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya la Dunia yalipendekeza mwaka 2004 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 3 apate miligramu 500 za kalsiamu kwa siku. Mapatano ya wataalamu ya mwaka 2016 yalieleza kuwa chini ya miligramu 300 hatari ya matege huongezeka. Sasa na achukuliwe mtoto anayekula kwa siku gramu 150 za unga wa mahindi na gramu 50 za maharage makavu. Unga huo una miligramu 10 hivi, na maharage 60 au 70. Jumla haifikii hata 100. Vikombe viwili vya maziwa, yaani mililita 400, vingeongeza karibu miligramu 480.

Pasipo maziwa, uchaguzi wa mimea una uzito mkubwa. Ulezi una miligramu 300 na zaidi katika gramu 100, na ufuta usiokobolewa una nyingi kuliko huo. Kuotesha ulezi na kuuchachusha, kama wafanyavyo watengenezaji wa kimea na togwa, hupunguza asidi ya fitiki. Mboga nazo hutofautiana. Spinachi ina kalsiamu nyingi, lakini oksaleti iliyomo huifunga hata mwili ukapata asilimia 5 hivi tu. Mchicha pia una oksaleti nyingi. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri sawa na ya maziwa au zaidi. Kwa familia zinazokula samaki, dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao ni hazina.

Vitamini B12 haipatikani katika mimea kabisa. Upungufu wake hudhuru damu na neva, na mtoto anyonyaye kwa mama asiyekula kitu cha mnyama yumo hatarini pia. Kwa hiyo familia isiyotumia maziwa wala mayai haina budi kupata vitamini hiyo kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubisho, kwa ushauri wa mganga.

Tahadhari

Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa wa lishe. Miguu ya watoto wengi huwa na upinde kidogo hadi kufikia umri wa miaka 2, kisha hunyooka yenyewe. Katika sehemu za Arusha na Meru, maji yenye floraidi nyingi yamewahi kulemaza mifupa ya watoto. Kupambanua sababu ni kazi ya hospitali, kwa eksirei na vipimo vya damu.

Lakini mtoto asicheleweshwe. Matege yakigunduliwa mapema, mifupa mingi hunyooka kwa tiba ya kalsiamu na vitamini D pekee. Yakiachwa, huenda upasuaji ukahitajika. Kwa msichana, nyonga iliyopindika utotoni huweza kumzuia kujifungua salama miaka ishirini baadaye. Bamba la ukuaji hufunga mwishoni mwa ujana wala halifunguki tena. Kile ambacho mfupa haukupewa kabla ya hapo hauwezi kukirefukia tena.