Uchimbaji wa Akiolojia kwenye Televisheni: Mtazamaji Huona Nini?

Akiolojia ni taaluma inayochunguza maisha ya watu wa kale kwa kutumia mabaki waliyoyaacha: zana, vigae vya vyungu, mifupa, misingi ya nyumba, hata majivu ya moto waliopikia. Mtahiniwa wa kidato cha nne huujua ufafanuzi huu tangu alipofundishwa vyanzo vya historia. Hata hivyo, ukisahihisha majibu ya wanafunzi utakuta mengi yakisema kuwa wanaakiolojia "hutafuta dhahabu na hazina za wafalme". Jibu hilo hawakulipata darasani. Mara nyingi limetoka kwenye televisheni.

Filamu za makala, yaani zile zinazoonyesha mambo ya kweli na si ya kuigiza, ndizo uchimbaji pekee ambao wengi wetu tutawahi kuuona. Si jambo baya kuzitazama. Lakini filamu ina mahitaji yake na utafiti una mahitaji yake, na mara nyingine mahitaji hayo hugongana. Mgongano huo ulionekana wazi nchini Uingereza mwaka 1968.

Katika jimbo la Wiltshire kuna kilima kiitwacho Silbury. Kina urefu wa karibu meta 40 kwenda juu, na chote kilijengwa kwa mikono ya watu yapata miaka 4,400 iliyopita. Wenyeji walikuwa na hadithi kwamba ndani yake amezikwa mfalme Sil pamoja na farasi wake na dhahabu. Mwaka 1776 watu walichimba shimo kutoka kileleni hadi chini wasipate kaburi. Mwaka 1849 wakachimba handaki kutoka ubavuni, nalo halikutoa kaburi. Ndipo BBC ikagharimia uchimbaji mpya, chini ya Profesa Richard Atkinson, na kuurusha kwenye televisheni kazi ikiwa inaendelea.

Fikiria hali ya mtazamaji. Ameambiwa kuna siri ndani ya kilima. Anaona handaki likizidi kuingia ndani, na kila kipindi kikiisha anaamini kijacho ndicho kitakachofungua chumba cha mfalme. Kazi iliendelea hadi 1970. Hakikupatikana chumba, wala mfalme, wala dhahabu. Magazeti na watazamaji wengi waliihesabu kazi hiyo kuwa imeshindwa.

Je, ilishindwa kweli? Katikati ya kilima Atkinson alikuta mapande ya udongo yenye nyasi za kale, mimea na wadudu waliohifadhiwa vizuri ajabu kwa sababu hewa haikuwafikia. Mabaki hayo yalionyesha mazingira ya eneo lile yalivyokuwa kabla ya kilima kujengwa. Miongoni mwa wadudu kulikuwa na sisimizi wenye mabawa. Kwa kuwa sisimizi hao huruka kwa kipindi kifupi cha mwaka, Atkinson alikadiria kuwa ujenzi ulianza mwishoni mwa majira ya joto. Wataalamu wengine baadaye hawakukubaliana naye, na ubishani wa namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya taaluma. Kwa maoni yangu, kuweza kujadili msimu ambao kazi ilianza miaka 4,400 iliyopita kunashinda kikombe cha dhahabu, maana kikombe kinaweza kukuambia tu kwamba mwenyewe alikuwa tajiri.

Kumbuka pia suala la muda. Vipindi vilikwisha na watazamaji wakaenda kulala. Ripoti kamili ya uchimbaji ilitoka mwaka 1997, karibu miaka 30 baadaye, ikiwa imeandikwa na Alasdair Whittle baada ya Atkinson kufariki. Kupima, kulinganisha na kuandika ndiko kunakokula miaka, na hakuna kamera inayokaa kusubiri hayo.

Hapa kwetu kamera ilikuwepo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai. Kazi ya kulitoa ardhini haikuanza papo hapo. Ilimngoja mpiga picha Des Bartlett afike aipige filamu tangu mwanzo. Je, hilo ni kosa? Hapana. Filamu hiyo ni kumbukumbu ya jinsi vipande vilivyolala katika tabaka lao kabla ya kuguswa. Kinachotakiwa ni mtazamaji kujua kwamba anachokiona kimepangwa kwa kiasi fulani, na kwamba umri wa fuvu, karibu miaka milioni 1.75, haukujulikana siku ile. Ulitokana na upimaji wa miamba ya volkano, na matokeo yalitangazwa mwaka 1961.

Kuanzia 1994, kipindi cha Time Team cha Channel 4 ya Uingereza kiliwapa wachimbaji siku tatu tu kwa kila eneo. Kilipendwa sana, hasa kwa kuwa kilionyesha matope, mvua, na wataalamu wakibishana. Wakosoaji walilalamika kuwa siku tatu zinafundisha haraka isiyofaa. Malalamiko yaliongezeka mwaka 2003 kipindi hicho kilipowaalika watazamaji kuchimba vishimo vya meta moja ya mraba katika bustani zao. Hofu ya baadhi ya wanaakiolojia ilikuwa na msingi: tabaka likishachimbwa halirudi. Kitabu ukikisoma vibaya utakifungua tena, lakini eneo la kale ni kama kitabu ambacho kila ukurasa unaousoma unachanika. Usiponukuu ulichokiona, kimepotea.

Watazamaji nao wana nguvu. Mwaka 2014 National Geographic Channel iliondoa kwenye ratiba mfululizo kuhusu kufukua wanajeshi waliokufa katika Vita Kuu ya Pili, baada ya wanaakiolojia na watu wengine kuona kipande cha tangazo kilichoonyesha mifupa ya binadamu ikivutwa ardhini bila uangalifu.

Basi ukiulizwa kuhusu akiolojia kama chanzo cha historia, unaweza kutumia mfano uliouona kwenye filamu, ila usiishie kutaja kilichopatikana. Eleza kilipatikana katika tabaka gani, pamoja na vitu gani, umri wake ulipimwaje na nani anapinga maelezo hayo. Udhaifu pia uuandike kwa usahihi: gharama kubwa, muda mrefu, uhaba wa wataalamu, na ukweli kwamba mabaki hayawezi kutaja majina ya watu wala mawazo yao. Kukosa hazina si udhaifu wa akiolojia, na msahihishaji hatakupa alama kwa hoja hiyo.

Swali la kujipima: Kwa kutumia mfano wa kilima cha Silbury, eleza kwa nini uchimbaji usiotoa hazina unaweza kumfaa mwanahistoria. (Alama 10)